Mavazi Nayo Husema: Watanashati wa Kongo na Kijana wa Nyumbani Mwako



Hakuna nyumba yenye kijana isiyojua mabishano ya nguo. Baba huuliza kwa nini suruali imebana namna ile. Mama huuliza kwa nini ujira wa kwanza wa mtoto umeishia katika jozi moja ya viatu. Kijana hajibu, hufunga mlango wa chumba chake na kufungulia muziki. Mabishano hayo yamo katika nyumba za raia, nayo yamo vilevile katika kota za polisi na kambi za jeshi. Tena huko mara nyingi huwa makali zaidi, kwa kuwa mzazi ni mtu wa amri na sare, na mtoto ni mtu anayetafuta sare yake mwenyewe.

Wiki hii ukurasa wetu utajaribu kulitazama jambo hili bila hasira. Tutachukua mfano wa jirani zetu wa Kongo zote mbili, ile ya Kinshasa na ile ya Brazzaville, ambako vijana wapenzi wa muziki waliyageuza mavazi kuwa elimu, mashindano, na kwa baadhi yao karibu kuwa dini. Kwa Kifaransa huitwa sapeurs. Jina hilo limetokana na SAPE, herufi za mwanzo za maneno yenye maana ya Chama cha Wachangamshaji na Watu Watanashati; nalo neno lenyewe katika Kifaransa cha mitaani lina maana ya nguo. Sisi hapa tutawaita kwa neno letu la Kiswahili, watanashati.

ASILI YA JAMBO HILI

Watu wengi hudhani kwamba utanashati wa Kongo ulianza na wanamuziki. Sivyo. Mizizi yake imo katika siku za ukoloni. Katika miji ya Brazzaville na Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, watumishi wa nyumbani walipewa na mabwana zao nguo zilizokwisha kuvaliwa, wakati mwingine kama sehemu ya malipo. Makarani nao walinunua suti na kofia kwa mishahara yao midogo. Mkoloni alitaka mtumishi wake awe safi, lakini hakutaka afanane naye. Basi mtumishi alipotoka siku ya Jumapili akiwa amevaa vizuri kumshinda bwana wake, hapo palikuwa na neno lililosemwa bila kutamkwa.

Miaka ya 1950 lilizuka Léopoldville kundi jingine lililowatia wazee wasiwasi mkubwa. Vijana wa mitaani walikwenda kutazama filamu za wachunga ng'ombe wa Marekani, wakatoka humo wakiwa wamefunga vitambaa shingoni, wamevaa kofia pana na suruali za jinzi. Walijiita Bills, kwa jina la Buffalo Bill. Wakatunga na lugha yao, iliyoitwa Hindubill, ambayo mzazi wa kawaida hakuweza kuifuata. Wengi waliwaona kuwa ni wahuni tu, na ni kweli kwamba magomvi hayakukosekana baina yao. Lakini mmisionari mmoja Mbelgiji, ambaye vijana wenyewe walimpa jina la Père Buffalo, alichagua njia nyingine. Alijifunza lugha yao, akakaa nao na kuwakusanya. Ni mfano unaofaa kukumbukwa na kila mlezi, kwa kuwa huwezi kumwongoza mtu usiyeielewa lugha yake.

PAPA WEMBA NA KIJIJI CHAKE

Mwaka 1969 vijana wa Kinshasa walianzisha bendi ya Zaïko Langa Langa. Wakati huo bendi kubwa za rumba zilikuwa na tarumbeta na saksafoni. Vijana hawa waliviacha vyombo hivyo, wakatia nguvu zao katika magitaa na ngoma, na sehemu ya mwisho ya wimbo, ile ya kuchezea inayoitwa sebene, ikawa ndefu na ya moto. Miongoni mwa waanzilishi wake alikuwamo kijana aliyezaliwa mwaka 1949 huko Lubefu, katika Kasai. Jina lake lilikuwa Shungu Wembadio, na dunia ilikuja kumjua kama Papa Wemba.

Mwaka 1977 Papa Wemba alianzisha bendi yake, Viva la Musica. Nyumbani kwake katika mtaa wa Matonge akatangaza kijiji chake, Molokai, jina lililotungwa kwa herufi za mwanzo za njia tano zilizouzunguka mtaa huo. Na yeye mwenyewe akawa mkuu wa kijiji. Vijana waliokuja kusikiliza muziki walitazama pia namna alivyovaa, naye akawahimiza kuvaa vizuri, kuchana nywele, kuoga na kunukia. Akaupa nguvu mtindo ulioitwa Ungaru, uliorudisha mavazi ya miaka ya 1930: viatu vya ngozi vinavyong'aa, suruali zilizopunguzwa upana kuelekea chini, na nywele zilizopunguzwa nadhifu.

Ili tuone uzito wa jambo hilo, hapana budi tukumbuke hali ya nchi. Mwaka 1971 Rais Mobutu aliibadili Kongo kuwa Zaire, na katika siasa yake ya kurudi kwenye uasilia, suti na tai za Kizungu zilipigwa marufuku. Wanaume walitakiwa kuvaa abacost, koti lisilo na tai, ambalo jina lake lenyewe kwa Kifaransa lina maana ya "suti na ianguke". Ndani ya nchi ya namna hiyo, kijana aliyepita barabarani amevaa suti na tai alikuwa anasema jambo. Hakuandika ilani wala hakuandamana; alivaa tu. Hali hiyo ilidumu hadi tarehe 24 Aprili 1990, siku ambayo Mobutu alitangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja, na katika hotuba hiyo hiyo akawaruhusu raia kuvaa tai tena.

SISI NASI TULIPITA HUKO

Tusiwacheke jirani zetu. Huku kwetu Afrika Mashariki nako serikali ziliwahi kupigana na nguo. Tanzania, mwezi wa Oktoba 1968, Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, ya kupiga vita sketi fupi, mawigi, mafuta ya kujichubua na suruali za kubana. Hapa Uganda, mwaka 1972, utawala wa Idi Amin ulipiga marufuku sketi fupi kwa amri, na mwaka 1974 ukaongeza mawigi na suruali za wanawake. Askari walipewa kazi ya kupima mapindo ya nguo za dada zao, wakati ambapo watu walikuwa wakitoweka usiku na hakuna aliyepima hilo.

Je, kulitokea nini? Suruali za bugaluu zilivaliwa, viatu virefu vya raizoni vilivaliwa, nywele za afro zilifugwa, kisha vyote vikapita kwa wakati wake, wala si kwa kiboko. Kijana aliyevaa bugaluu mwaka 1974 leo ni babu. Pengine ndiye huyu huyu anayegomba sebuleni juu ya suruali ya mjukuu wake. Ukitaka kuthibitisha, fungua albamu ya picha za nyumbani, ukurasa wa harusi.

SHERIA ZA MTANASHATI

Mtu asiyejua hudhani mtanashati ni yeyote mwenye nguo za bei. Wenyewe hawakubali hata kidogo. Wana kanuni, nazo ni kali.

Kwanza, rangi zisizidi tatu katika vazi moja. Mwenye kuchanganya rangi ovyo huonekana mshamba, hata kama suti yake imetoka Paris. Pili, usafi hauna mjadala: kola, kucha, meno na soksi vyote hukaguliwa. Tatu, viatu ndivyo hakimu. Katika mtaa wa Bacongo, Brazzaville, viatu vya J.M. Weston vya Ufaransa vimeheshimiwa kwa miaka mingi kama nishani. Nne, mwendo, maneno na tabia vilingane na vazi. Mtanashati hatakiwi kutukana wala kupigana. Wengi wao hujitangaza kuwa watu wa amani. Neno hilo lina uzito pale Brazzaville, ambako vita vya mwaka 1997 na mapigano yaliyofuata mwishoni mwa 1998 viliubomoa mtaa wao na kuwakimbiza wakazi wake misituni.

Aidha, miji hiyo miwili haivai sawasawa. Brazzaville hupenda suti iliyokatwa kwa ukamilifu, na pengine kiko na bakora mkononi. Kinshasa huthubutu zaidi. Huko utakuta mavazi mapana ya ajabu ya washonaji wa Kijapani kama Yohji Yamamoto. Wanapokutana kushindana, kila mmoja husogea mbele, hufunua koti kuonyesha bitana, huinua mguu kuonyesha kiatu, huku akitaja jina la aliyekishona, na watazamaji ndio waamuzi. Siku za karibuni wamo pia wanawake, wenye suti na tai zao, wakishindana bila kurudi nyuma.

Na watu hawa ni akina nani? Ni mafundi seremala, madereva wa teksi, wachuuzi, mafundi umeme, na wengine hawana kazi kabisa. Siku ya kazi huwezi kumtofautisha na jirani yake. Siku ya Jumapili anapotoka uani, mtaa mzima husimama kutazama.

SARE YA ASIYE NA SARE

Hapa ndipo tunapowageukia ninyi, ndugu askari, kwa kuwa hakuna watu wanaoweza kulielewa jambo hili kuliko ninyi. Kumbuka siku ulipovaa sare kwa mara ya kwanza. Uliipiga pasi mpaka mkunjo ukasimama. Uling'arisha buti mpaka ukaona uso wako ndani yake. Ulipotoka nje, mgongo ulinyooka wenyewe, na watu waliokujua tangu utoto wakakutazama kwa jicho jipya. Nguo haikukuongezea nguvu ya misuli, lakini ilikwambia wewe ni nani, uko pamoja na nani, na unatakiwa kutembea vipi.

Kijana hulitafuta hilo hilo. Tuchukue mfano wa kubuni. Sajini mmoja anakaa kota na mkewe na mwana wao wa miaka kumi na tisa. Kijana ameosha magari mwezi mzima, akapata shilingi 200,000, akaenda soko la Owino na kurudi na viatu vya mitumba vya shilingi 150,000. Baba anaghadhibika, anataka kuvitupa nje. Mama anamzuia, na baba, badala ya kutupa, anauliza.

"Mwanangu, viatu hivi vina nini hata vikameza jasho la mwezi?"

"Mzee, wewe ukitoka na sare yako watu hukupisha njia," kijana anajibu. "Mimi nikitoka, nani ananiona?"

Msomaji, jibu hilo lina uchungu ndani yake, na mzazi asiyelisikia amepoteza nafasi adhimu. Kijana huyu hana cheo, hana shamba, hana mke, na mtihani wake haukumletea kazi. Katika kundi la wapenzi wa muziki fulani anapata jina, anapata wenzake, anapata kanuni za kufuata na watu wa kumsifu akizifuata. Viatu vile ndiyo nishani yake. Vijana wa Kinshasa miaka ya 1970 na 1980 walivaa suti za gharama wakati uchumi wa nchi yao unaporomoka. Walionekana wendawazimu, lakini walikuwa wanakataa kuonekana kama vile hali yao ilivyowataka waonekane.

UPANDE WA GIZA

Kuelewa si kusifia. Wahenga walisema: nguo ya kuazima haisitiri matako. Katika utanashati wa Kongo kuazima ni jambo la kawaida. Rafiki humwazima rafiki koti, mwingine hukodi viatu kwa siku moja. Wapo waliotumia kwa vazi moja fedha ambazo zingelipa kodi ya nyumba kwa miezi mingi. Nyuma ya suti ya rangi ya maziwa huenda wako watoto waliorudishwa shule kwa kukosa karo, na mke anayekopa unga kwa jirani.

Kisha kuna ndoto ya Ulaya. Tangu zamani mtanashati wa kweli alitakiwa afike Paris, akae huko, arudi na masanduku ya nguo. Mtafiti Justin-Daniel Gandoulou, aliyeandika juu ya vijana wa Bacongo katika miaka ya 1980, alionyesha jinsi walivyoishi huko kwa kusongamana na kujinyima, ili siku ya kurudi nyumbani kwa likizo waonekane wakuu. Waliobaki waliona suti, hawakuona njaa iliyoinunua. Kwa hiyo wakatamani nao kwenda.

Papa Wemba mwenyewe aliingia katika mtego huo. Mwezi wa Februari 2003 alikamatwa Ufaransa kwa tuhuma za kuingiza watu Ulaya kwa kuwaandikia kuwa ni wanamuziki wa bendi yake. Wakongo wana jina la wasafiri wa namna hiyo: ngulu, yaani nguruwe. Alikaa mahabusu miezi kadhaa, na mwaka 2004 mahakama ikamtia hatiani. Hatusemi haya kwa kumfedhehesha marehemu. Alifariki tarehe 24 Aprili 2016 baada ya kuanguka jukwaani huko Abidjan, na alipozikwa Kinshasa mwezi uliofuata watanashati walimwaga wakiwa wamevaa kilicho bora kuliko vyote walivyokuwa navyo. Tunasema kwa sababu kila mzazi mwenye kijana anayependa muziki anapaswa kuujua mtego huo. Leo mtu anayemwahidi mwanao safari ya kucheza katika bendi ng'ambo, kwa malipo ya siri na pasi isiyoonekana, hamtafutii jukwaa.

MZAZI AFANYE NINI

Kwanza, uliza kabla ya kukemea. Mwulize mwanao ni muziki gani anaoupenda, nani huupiga, na vazi lake lina maana gani. Usiulize kama unayechukua maelezo ya mtuhumiwa. Keti naye usikilize wimbo mmoja hadi mwisho. Huenda ukagundua kuwa gitaa hilo unalijua: Remmy Ongala aliyehamia Dar es Salaam mwaka 1978 alizaliwa Kindu, na Samba Mapangala wa Orchestra Virunga alitoka Matadi, akapita hapa Uganda kabla ya kufika Nairobi. Wewe mwenyewe ulicheza muziki wa Wakongo kabla mwanao hajazaliwa.

Pili, tenganisha vazi na tendo. Suruali haivuti bangi, wala kofia haiibi. Kijana akiiba, mwadhibu kwa wizi. Akirudi alfajiri amelewa, shughulika na ulevi. Ukimgombeza kwa nguo na kwa wizi kwa sauti ile ile, atadhani makosa hayo mawili yana uzito sawa.

Tatu, wekeni kanuni ya fedha. Kijana mwenye kipato atoe kwanza sehemu ya nyumbani, kisha sehemu ya akiba, na kinachobaki ni chake. Akitaka kununua nacho tai, anunue. Lakini asikope kwa ajili ya kuvaa. Kanuni ivunjwapo kwa kaka, isivunjwe kwa dada tu au kinyume chake. Watoto huona upendeleo haraka.

Nne, geuza mapenzi yake kuwa kazi. Kijana anayejua kutofautisha mshono mzuri na mbaya, kitambaa cha sufi na cha bandia, amekwisha kuanza nusu ya safari ya ufundi cherehani. Anayependa viatu anaweza kujifunza kushona soli. Wapo dobi na wauza mitumba wanaolea familia zao kwa jicho hilo hilo ambalo wazazi wao walilidharau.

Tano, usichome wala usichane nguo za mwanao. Ukifanya hivyo umemvua mbele ya wenzake, na mtoto aliyevuliwa heshima nyumbani ataitafuta barabarani.

NENO KWA WALIO KAZINI

Mwisho, kwa ndugu zetu wa polisi. Mnapokuwa doria usiku, kijana mwenye nywele za kusuka na suruali ya ajabu ndiye rahisi kusimamishwa kuliko wote, kwa kuwa anaonekana. Lakini mhalifu mwenye akili huvaa ili asionekane. Tazameni mikono na mienendo, sikilizeni maelezo, kisha ndipo mwamue. Kijana aliyesimamishwa kwa adabu, akaulizwa na kuachiwa kwa adabu, kesho ndiye atakayewaletea habari za mwizi halisi wa mtaa huo, kwa kuwa watu wa muziki hujua kila kona na kila mtu.

Mwezi wa Desemba 2021 rumba ya Kongo iliingizwa katika orodha ya UNESCO ya urithi wa utamaduni wa binadamu, kwa ombi la Kongo zote mbili. Vijana waliokuwa wakifukuzwa na wazee wao kwa sababu ya muziki na mavazi ndio waliousukuma mbele muziki ambao leo mataifa mawili yanajivunia. Hatujui kijana wako atageuka nani. Jambo moja tu lina hakika: kabla hajawa mtu mashuhuri au fundi au askari kama wewe, anataka aonwe. Basi na aonwe kwanza nyumbani kwao.

Juma lijalo, tukijaliwa, tutazungumza juu ya akiba ya nyumba ambayo baba yuko mbali kikazi.